Bajeti: kifuko kilichopita mikono mitano

Ukilitafuta neno bajeti katika kamusi ya Kiswahili, utakuta maana yake, ngeli yake ya i-/zi-, kisha kifupisho kinachokwambia kuwa limetoka Kiingereza. Safari inaishia hapo. Si uongo, maana sisi tulilipokea kutoka kwa Waingereza. Lakini Waingereza nao walilipokea, tena wakiwa wa nne katika msururu, na kila aliyelishika aliacha alama ya vidole vyake. Alama hizo zinasikika hadi leo tunapolitamka. Kifupisho kile hakitoshi, na neno hili moja linaweza kuonyesha tunapoteza nini kwa kuridhika nacho.

Tulimenye kuanzia nyuma, kwa sababu ganda la juu ndilo letu.

Ganda letu ni ile i ya mwisho. Silabi za Kiswahili hupenda kuishia na irabu, basi neno la kigeni linaloishia na konsonanti huongezewa moja. Irabu hiyo haichaguliwi ovyo. Konsonanti za midomo, yaani b, p na m, huvuta u: klabu, pampu, filamu. Konsonanti ya t, inayotamkwa ulimi ukigusa nyuma ya meno, huvuta i: shati, koti, risiti, tiketi. Bajeti imefuata kanuni hiyo bila kuteleza.

Ondoa i, unabaki na budget ya Waingereza. Kipande chake cha mwisho, -et, ni Kifaransa: ni kiambishi -ette ambacho kazi yake ni kutia udogo. Maison ni nyumba, maisonnette ni kijumba. Fille ni binti, fillette ni kibinti. Kazi hiyohiyo Kiswahili huifanya mwanzoni mwa neno kwa ki-, Kifaransa huifanya mwishoni. Bouge ulikuwa mfuko wa ngozi, bougette ikawa mfuko mdogo wa ngozi. Kwa hiyo bajeti, ukilifasiri kipande kwa kipande, ni kifuko.

Kiambishi hicho kimetuingilia kwa wingi kuliko tunavyodhani. Jaketi limetoka kwa jaquette, vazi dogo la aina iliyoitwa jaque. Blanketi lina blanc ndani yake, yaani -eupe, kwa sababu mwanzoni lilikuwa kitambaa cha sufu kisichotiwa rangi. Pakiti na soketi nazo zimo katika kundi hilo. Lakini hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo, maana mwanafunzi akishaonyeshwa -eti na -iti nne anataka kila -iti iwe udogo. Marikiti ya Mombasa haimo. Hiyo imetoka kwa neno la Kiingereza la soko, ambalo chanzo chake ni mercatus ya Kilatini, na t yake ni sehemu ya kitenzi cha kufanya biashara. Mfanano wa mwisho wa neno hauthibitishi kitu mpaka uone umbo la zamani lililoandikwa.

Tuje kwenye a. Waingereza wanaandika u, Wafaransa walikuwa na sauti iliyo karibu na u yetu, sasa sisi tumeitoa wapi a? Jibu liko kusini mwa Uingereza katika karne ya 17. Huko u fupi ilianza kutamkwa midomo ikiwa imeachiwa badala ya kuviringwa, na polepole ikageuka sauti ambayo sikio la Mswahili huipokea kama a. Ndiyo maana tuna basi, klabu, namba, pampu na jaji, ilhali yote Waingereza huyaandika kwa u. Kaskazini mwa Uingereza mabadiliko hayo hayakufika. Hadi leo mtu wa Leeds au Manchester analitamka basi kwa u iliyo karibu na ile ya Kiswahili. Kama matamshi ya huko ndiyo yangekuwa ya shuleni na ofisini enzi za ukoloni, pengine leo tungesema bujeti. Irabu moja tu, lakini ina tarehe na ina mahali.

Sauti ya j ni ya zamani zaidi, na ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko zote. Kwa Kilatini neno lilikuwa bulga, lenye g nzito kama ya gari. Katika kaskazini ya Galia, nchi ya kale ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, kabla Kifaransa hakijaanza kuandikwa, g iliyotangulia a ililainika ikawa j. Kanuni hii haikuchagua neno moja ikaacha jingine. Gamba, yaani mguu, ikawa jambe. Larga, -pana, ikawa large. Kufikia karne ya 13 Wafaransa walikwishailainisha j yenyewe ikawa sauti ya mkwaruzo tu, isiyoanza na d, lakini Kiingereza kilibaki na j nzima, na kutoka huko ikatufikia sisi. Mswahili anapotamka je ya bajeti, yuko karibu na Mfaransa wa zama za kati kuliko Mfaransa wa leo anaposoma bougette.

Lakini si Galia yote iliyolainisha. Normandy na Picardy, maeneo ya kaskazini mwa Ufaransa, ziliacha g kama ilivyokuwa. Tuna ushahidi mzuri ndani ya Kiswahili chetu wenyewe: jela. Waingereza wana tahajia mbili za neno hilo, moja inaanza na g (gaol) na nyingine na j (jail). Ya g ni urithi wa lahaja ya Normandy, ya j ni ya Paris na viunga vyake. Matamshi yaliyoshinda ni ya pili, na ndiyo tuliyochukua. Sasa irudie bajeti. Kama ingepitia Normandy, tungetarajia ije na g nzito. Ina j. Pia haionekani katika maandishi ya Kiingereza mpaka karne ya 15, zaidi ya miaka mia tatu baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066. Ni kosa lililoenea kudhani kila neno la Kifaransa lililomo ndani ya Kiingereza lilishuka merikebuni pamoja na jeshi la mwaka huo. Mengi yaliingia baadaye, kwa njia ya mahakama, biashara, vita na barua.

Kuna herufi nyingine iliyokuwapo na sasa haipo kabisa, ile l ya bulga. Katika Kifaransa cha kale l iliyofuatwa na konsonanti iliyeyuka ikawa u, kisha ikamezwa na irabu jirani. Alba, -eupe, ikawa aube, alfajiri. Calidum, -a moto, ikawa chaud. Msomaji anayetaka mfano wa jikoni anao: soseji na sosi zote zina asili katika Kilatini cha chumvi, sal, na zote zimepoteza l kwa njia hiyohiyo. Poda pia: pulverem, vumbi, ikawa poudre. Wanaposema wanaisimu kwamba bulga iliweza kuwa bouge, hawabahatishi. Wanaonyesha kwamba mamia ya maneno mengine yalipita mlango huohuo na yakatoka yamekatwa vilevile.

Inabaki b, na b haikubadilika kutoka mwanzo hadi mwisho. Ila huo mwanzo wenyewe si Roma. Mtaalamu wa msamiati wa Kilatini aliyeitwa Festus, wa karne ya 2 BK, aliandika wazi kwamba bulga ndivyo Wagalia wanavyoviita vifuko vya ngozi. Kwa hiyo Warumi nao walikuwa wakopaji. Wagalia walisema lugha ya Kikelti, na jamaa za neno lao wapo hadi leo: kwa Kiayalandi bolg ni tumbo, na zamani ilikuwa mfuko pia. Tena neno liliingia Kilatini kabla Julius Caesar hajaiteka Galia yote katikati ya karne ya 1 KK, kwa sababu mshairi Lucilius, wa karne ya 2 KK, tayari analitumia. Anamchora mtu asiye na mnyama wa mizigo, asiye na mtumwa wala mwenzi, ambaye fedha zake zote zimo katika bulga: anakula nayo, analala nayo, anaoga nayo, na matumaini yake yote yamo humo. Mfano huo unafaa kukumbukwa, kwa maana hapo, mwanzoni kabisa, ndani ya mfuko kulikuwa na pesa kweli.

Nyuma ya Kigalia kuna mzizi wa zamani zaidi uliohusu kuvimba, ambao umezaa pia upande wa Kigermaniki. Ndiyo sababu Kiingereza kina majina ya tumbo (belly) na ya mivukuto ya mhunzi (bellows) yanayofanana na bulga bila kupitia Roma wala Paris: hao ni binamu, si watoto. Watoto halisi wa bouge ni pamoja na neno la Kiingereza la kitu kilichotuna (bulge), na, kwa watu wa majahazi, jina la ngama (bilge), ile sehemu ya chini ya chombo ambako maji hukusanyika mpaka mtu ateremke kuyafua.

Walio nje ya ukoo ni muhimu vilevile, kwa sababu ndiko makosa yanakofanyika. Begi na bajeti vinaonekana ndugu: vyote vina b, vyote vimetoka Kiingereza, vyote vilikuwa vya kubebea vitu. Si ndugu waliothibitishwa. Begi ina g nzito na haina dalili ya l iliyomezwa. Kwa kawaida hurudishwa kwenye lugha ya kale ya Skandinavia, si kwa Kilatini. Kiingereza pia kina kitenzi cha kusogea kidogo ambacho ukikiandika kinakuwa budget isiyo na t, na wapo wanaovumbua hadithi ya serikali kusogeza fedha. Kitenzi hicho kimetoka kwa bouger ya Kifaransa, ambayo asili yake ni kuchemka. Na tukiwa hapo, magazeti yetu hayana uhusiano na jina la Kiingereza la jarida (magazine), hata masikio yakisisitiza. Ma- ni kiambishi chetu cha wingi; gazeti limetoka kwa Waitaliano wa Venice. Lile la jarida limetoka kwa Waarabu, katika mzizi uleule uliotupa hazina.

Anayetaka kujua asili ya neno lolote ana mambo manne ya kuuliza, na akikosa hata moja anyamaze kwanza. Umbo la zamani kabisa lililoandikwa ni lipi, na la lini? Sauti zimebadilika kwa kanuni inayogusa maneno mengine pia? Maana imehama kwa hatua ambazo watu wa kawaida wangeweza kuzipiga? Na wasemaji wa lugha hizo mbili walikutana wapi? Bulga, bougette, budget na bajeti vinajibu yote manne. Begi na bajeti vinashindwa kwenye swali la pili.

Swali la tatu, la maana, lina utamu wake. Hatua ya kwanza tunaifanya kila siku: chombo kinakuwa kilichomo. Tunasema amekunywa chupa mbili, amevuna magunia kumi, nipimie kibaba, na hakuna anayedhani mtu amekunywa kioo. Katika Kiingereza cha karne ya 16 na 17, budget ilikuwa mkoba na pia furushi la vilivyomo: barua, habari, karatasi. Maana ya mkoba wenyewe ilikuwa bado hai wakati wa Shakespeare, ambaye katika mchezo mmoja anamtaja fundi wa masufuria akibeba budget ya ngozi ya nguruwe.

Kisha ukaja mwaka 1733. Robert Walpole, aliyekuwa anaongoza serikali na hazina ya Uingereza, alitaka divai na tumbaku zitozwe ushuru zikitoka ghalani badala ya zikishuka bandarini, ili kubana magendo. Watu waliwaka. Waliogopa maofisa wa ushuru wangeingia madukani na majumbani kupekua. Kikatoka kijitabu cha upinzani, ambacho kwa kawaida huhusishwa na mpinzani wake William Pulteney, chenye kichwa kinachosema kwamba budget imefunguliwa. Kilimfananisha waziri na tapeli wa sokoni anayefungua mkoba wake wa dawa na kuahidi kwamba chupa moja inaponya kila ugonjwa. Aprili ya mwaka huohuo Walpole aliuondoa muswada.

Msomaji wa Kiswahili anaielewa kejeli ile bila msaada, kwa sababu mkoba kwetu nao ni wa mganga kabla ya kuwa wa ofisini, na hata leo tunasema waziri mpya amerithi mikoba ya aliyemtangulia. Neno likaanza maisha yake ya kifedha kama tusi. Katika miongo iliyofuata, kufungua budget kukawa msemo wa kawaida bungeni, ukali ukaisha, na hatimaye budget ikawa mpango wenyewe. Karne ya 19 ikaingia nyumbani, matumizi ya familia nayo yakawa na budget. Karne ya 20 ikawa hata sifa ya kitu cha bei nafuu. Inavutia pia kwamba suala lililolizaa, ushuru wa bidhaa, ndilo ambalo wananchi wetu hulisikiliza kwanza kila Juni: bia imepanda, sigara imepanda?

Wafaransa wenyewe walikuwa wameisahau bougette. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 walianza kuandika budget, kwa tahajia ya Kiingereza, wakizungumzia mambo ya Waingereza. Karne iliyofuata likawa neno lao rasmi la fedha za umma. Mtoto alirudi nyumbani na mama hakumtambua. Hilo linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu Mswahili wa Lubumbashi au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa analijua neno hili katika umbo lisilotamka t ya mwisho, na Mswahili wa Dodoma au Nairobi analijua lenye ti. Ni kifuko kimoja kilichotufikia kwa milango miwili.

Mkoba wenyewe haukufa. Gladstone, waziri wa fedha wa Uingereza katika karne ya 19, alikuwa na kisanduku chekundu cha mbao kilichovikwa ngozi, na mawaziri wengi waliomfuata walikibeba hadi kilipostaafishwa mwaka 2010 kwa uchakavu. Mawaziri wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania wanauinua mkoba wao mbele ya kamera katikati ya Juni, kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. India, ambayo ilirithi desturi hiyohiyo, iliuacha mkoba mwaka 2019: waziri wa fedha, Nirmala Sitharaman, alitokea na daftari la hesabu lililofungwa kwa kitambaa chekundu, akisema kwa vitendo kwamba desturi ya mkoloni imetosha. Neno lakini halikuachwa.

Je, sisi tuliache? Wapo wanaotaka hivyo, wakisema tunalo makadirio ya mapato na matumizi, na kwamba hilo mtu analielewa bila kwenda shule ya fedha. Hoja ya pili ni kweli kabisa. Mapato yamo ndani ya kupata, matumizi ndani ya kutumia, na yeyote aliyekulia Kiswahili anaona mpaka chini. Bajeti haionyeshi kitu. Ni kopo lililofungwa. Lakini kosa la hoja hii ni kudhani majina haya mawili ni ya kitu kimoja. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inayatumia yote. Ibara ya 137 inaeleza jinsi makadirio ya mapato na matumizi yanavyotayarishwa na kupelekwa bungeni. Ibara ya 90 inataja Bunge kukataa kupitisha bajeti kuwa miongoni mwa sababu zinazomruhusu Rais kulivunja. Makadirio ni majedwali: fungu, kifungu, kasma, yaani mstari mmoja mmoja wa matumizi. Bajeti ni jambo zima, hotuba na sera na kura iliyo nyuma yake. Hakuna Bunge linalovunjwa kwa sababu ya kasma moja. Tuyaache yote, kila moja mahali pake.

Na dai kwamba bajeti ni aibu kwa kuwa limekopwa halisimami hata kidogo. Kila aliyewahi kulitumia, isipokuwa Mgalia, alilikopa.

Kilichonishangaza zaidi ya yote hakiko London wala Paris. Kiko katika Ibara ya 135 ya Katiba hiyohiyo, ambako fedha za serikali, isipokuwa chache, zinaelekezwa kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina. Mfuko hapo unasimama badala ya neno la Kiingereza fund, lililotoka kwa fundus ya Kilatini, na fundus haikuwa mfuko; ilikuwa sehemu ya chini, kitako cha chombo au ardhi ya shamba. Waliolitafuta neno la Kiswahili hawakuifuata maana hiyo. Walitazama kazi ya kitu, wakachagua mfuko. Kwa hiyo Kilatini cha kitako kimekuwa kwetu mfuko, na Kilatini cha mfuko kimekuwa kwetu bajeti. Bila kukusudia, wafasiri wetu walirudisha mfuko wa ngozi wa Lucilius mahali pake, kwa jina la Kibantu, huku jamaa yake wa Kigalia akiwa amekaa ibara arobaini na tano kabla na hakuna anayemtambua. Kenya walikwenda njia nyingine, mara nyingi wakasema hazina pale Mtanzania anaposema mfuko, nao hawakukosea.

Kuitambua tofauti hii kuna faida ya kila siku kwa anayesoma habari za fedha za umma. Katika bulga ya Lucilius kulikuwa na sarafu. Katika mkoba wa Walpole, kama wapinzani wake walivyouchora, kulikuwa na dawa za kuahidiwa. Katika mkoba unaoinuliwa Juni kuna karatasi. Pesa, zikipatikana, zimo katika ule mfuko mwingine, wa Ibara ya 135, na hutoka huko kwa awamu. Ndiyo maana fedha zilizotengwa na fedha zilizotolewa ni maneno mawili katika ripoti za wizara, na ndiyo maana kichwa cha habari kinachosema zahanati fulani imepata bilioni kadhaa siku ya kusomwa bajeti kinakosea kitenzi. Imetengewa. Mwandishi anayelijua neno hawezi kuliteleza hilo kirahisi, kwa sababu anajua maana ilihama lini kutoka kwenye pesa kwenda kwenye karatasi.

Nchini Kenya hata kufungua kwenyewe kumesogezwa. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 221, inataka makadirio yafikishwe katika Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani mwisho wa Aprili. Mkoba wa Juni unainuliwa wakati wabunge na wananchi wamekwisha kuona sehemu kubwa ya kilichomo. Hilo ni jema, na lingestahili umati wa wapiga picha kuliko mkoba.

Nirudi kwa kamusi. Pingamizi ninalolikubali ni kwamba kamusi ya Kiswahili ina wajibu wa kwanza wa kutaja aliyetupa neno, si babu wa aliyetupa. Mwalimu akisema bajeti ni neno la Kilatini anapotosha. Hakuna Mswahili aliyelitoa Roma. Mpeanaji wa mwisho lazima atangulie. Pingamizi la nafasi silikubali. Mistari miwili haiongezi uzito wa kitabu, na mtandaoni haina gharama kabisa. Pale kamusi inaponyamaza, hadithi za begi huingia, na mwanafunzi aliyeishika hadithi moja ya uongo huhitaji ushahidi mwingi kuiachia. Maneno ya shule na ofisi yaanze: bajeti, jaji, basari, risiti. Basari, kwa mfano, ambayo maelfu ya wazazi Kenya huiombea watoto wao, ni mfuko mwingine tena, wa bursa, na bursa ilianza kama ngozi ya mnyama kwa Wagiriki.

Ingizo la bajeti, kama lingeandikwa kwa utaratibu huo, lingesomeka hivi:

bajeti nm [i-/zi-] 1 mpango wa mapato na matumizi ya serikali, taasisi au mtu kwa kipindi maalumu. 2 kiasi kilichopangwa kwa shughuli fulani: bajeti ya harusi. (Kiingereza budget, karne ya 15, mfuko wa ngozi, maana ya fedha tangu 1733. Kutoka Kifaransa cha kale bougette, kifuko, udogo wa bouge. Kutoka Kilatini bulga. Kutoka Kigalia.)